Sentensi Iliyonyamazisha Mbiu

Mchimbia alipanda mteremko wa Lukengwe kwa miguu yake minane ya chuma, akikanyaga taratibu katikati ya matuta ya vitunguu bila kuvunja hata jani. Roboti huyo alipofika mahali alipoelekezwa alishusha keekee yake, akatoboa ardhi mita tatu kwenda chini, akateremsha chombo chenye ukubwa wa muhogo, kisha akafukia tundu na kulisawazisha kwa viganja vya mpira. Kazi nzima ilichukua dakika sita. Chombo kile kiliitwa sikio.

Kufikia mwaka wa sabini na mbili wa karne hii, masikio elfu tisa yalikuwa yamezikwa katika milima ya Uluguru, juu ya jiji la Morogoro. Yalisikiliza udongo: mizizi inapokatika, maji yanapojipenyeza, mawe yanaposagana. Mlima unaotaka kuporomoka hutoa taarifa mapema, ila kwa sauti ndogo ambayo binadamu hawezi kuisikia. Sikio likiisikia, kazi yake ya pili ni kupiga mbiu, yaani mlio mkali unaotoka katika vipaza sauti vya kila nyumba iliyo chini ya mteremko. Kwa miaka kumi na mbili mbiu hiyo ilikuwa imewatoa watu majumbani mara saba, na mara zote saba walitoka salama.

Ijumaa moja ya mwezi Machi, saa nane mchana, mteremko wa Lukengwe ulishuka na mbiu haikulia.

Aliyewatoa watu siku hiyo alikuwa Bi Msimu Kobelo, mkulima wa vitunguu mwenye umri wa miaka sitini na mitatu. Aliona maji ya mfereji wake yamegeuka mekundu, kisha yakakatika ghafla. Marehemu mama yake aliwahi kumwambia kwamba maji yakifanya hivyo usiulize, kimbia. Bi Msimu alichukua mfuniko wa sufuria akaupiga kwa mwiko nyumba hadi nyumba, akipiga na mayowe. Watu wote wa nyumba ishirini na tatu walitoka. Yeye alirudi mara moja kumvuta jirani yake aliyekuwa na homa, na boriti la jiko likamwangukia mguu. Madaktari waliukata chini ya goti.

Kumbukumbu za masikio kumi na manane ya mteremko ule zilionyesha kwamba yote yalikuwa yameusikia mlima dakika arobaini kabla.

*

Kituo cha Masikio kilikuwa jengo la ghorofa nne mjini Morogoro, na siku tatu baada ya maporomoko kilikuwa kimekwisha kumpata mkosaji. Aliitwa Yustino Chanzi, mhandisi mwenye umri wa miaka ishirini na tisa. Yeye ndiye aliyefunga furushi la masikio mapya ya Lukengwe.

Furushi ni mkusanyiko wa maelekezo yote ambayo sikio linahitaji ili lifanye kazi. Mhandisi huyaandika maelekezo katika mafaili, kisha huyakabidhi kwa programu iitwayo Kifungashi, nayo huyapanga, huyafunga pamoja na kuyarusha hewani mpaka mlimani. Kila kazi ambayo sikio litaifanya lenyewe linapoamka, kama vile kusikiliza au kupiga mbiu, huitwa huduma, na kila huduma ina faili lake. Kifungashi hulitambua faili la huduma kwa jina lake tu. Jina likiwa sivyo, Kifungashi hulipita kama mtu apitavyo nyumba asiyoijua, wala hakisemi neno.

Faili la mbiu la Lukengwe lilikuwa limepewa jina ambalo Kifungashi hakikulitambua. Masikio yaliamka bila kujua kwamba yana mdomo.

Yustino alisimamishwa kazi. Kamati ya uchunguzi iliundwa, na ili ifunge shauri ilihitaji saini moja tu: saini ya mkuu wa Idara ya Miongozo, kuthibitisha kwamba mwongozo wa Kifungashi ulieleza wazi namna ya kuyapa mafaili majina. Mkuu huyo aliitwa Sikudhani Mkude. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, na mwongozo ule aliuandika yeye mwenyewe.

Sikudhani hakuwa mtu wa kudharauliwa. Wakati anaajiriwa, miongozo yote ya mitambo ilikuwa katika lugha za kigeni, na wakubwa waliamini kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba kazi hiyo. Yeye alikibebesha. Maneno furushi, huduma na kifungashi, kwa maana ambazo wahandisi walizitumia sasa, yalitoka kwenye meza yake. Vyuo vilifundisha kurasa zake kama mfano wa lugha fupi na safi.

Alifungua ukurasa wa arobaini na moja, akasoma sentensi yenyewe: "Faili liitwe kwa jina la furushi, na la huduma pale zinapokuwa zaidi ya moja."

Aliiona iko wazi kama mchana. Alichukua kalamu. Lakini kabla ya kutia saini aliona maelezo ya Yustino yaliyoambatishwa, mstari mmoja tu: "Nilifuata ukurasa wa arobaini na moja kama ulivyo."

Maneno yale yalimchoma. Aliiweka kalamu chini, akachukua mkoba wake, akaenda hadi mtaa wa Kihonda kumtafuta kijana huyo ili amwonyeshe kosa lake kwa kidole.

*

Alimkuta barazani akifungua jiko la umeme la jirani, bisibisi mkononi.

"Shikamoo, mama," Yustino alisema akiinuka. Alimfahamu, nani Kituoni asiyemfahamu?

"Marahaba. Umeandika kwamba ulifuata mwongozo wangu."

"Ndiyo, mama."

"Basi nisomee."

Yustino alifuta mikono, akaisoma sentensi ile kwa kichwa bila kitabu. "Faili liitwe kwa jina la furushi." Akapumua. "Na la huduma, pale zinapokuwa zaidi ya moja."

"Eeh. Na furushi lako lilikuwa na huduma ngapi?"

"Mbili. Kusikiliza na mbiu. Furushi lenyewe linaitwa sikio, kwa hiyo faili la kwanza nikaliita kwa jina hilo, sikio.huduma. La pili nikaliita kwa jina la huduma yake, mbiu.huduma."

"Siyo hivyo!" Sikudhani alisema kwa sauti iliyomshtua hata yeye. "Jina la furushi na la huduma. Yote mawili, pamoja, katika faili moja! Sikio, nukta, mbiu, nukta, huduma."

Yustino hakubisha. Aliuliza polepole, "Mama, hayo maneno 'pamoja' na 'katika faili moja' yako ukurasa gani?"

Sikudhani aliisoma tena sentensi moyoni, safari hii akiweka pumziko pale alipoliweka Yustino. Maana ikageuka.

"Hukujaribu mezani?" aliuliza hatimaye. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nilijaribu. Ililia. Baadaye ndipo nilipojua kwamba sikio la meza ya majaribio ni la zamani, lenye mbiu ndani yake tangu kiwandani; haya mapya huipata kwa furushi tu. Iliyolia ni ile." Aliangalia bisibisi yake. "Nilikwenda hospitali kumwona yule mama, nikashindwa kuingia. Nilifika mlangoni mara mbili."

*

Sikudhani alirudi Kituoni saa tisa, mvua ikinyesha. Hakwenda ofisini kwake. Alikwenda kwanza kwa Mweledi, akili unde iliyowasaidia wahandisi kusoma miongozo na kujibu maswali yao. Alisimama mbele ya kioo chake akaiuliza: furushi la huduma mbili, faili la pili liitweje?

"Mbiu.huduma," Mweledi ilijibu bila kusita.

"Una hakika?"

"Sentensi ya ukurasa wa arobaini na moja ina maana mbili. Mbiu.huduma ni mojawapo. Sikio.mbiu.huduma ni ya pili. Wanaouliza huhitaji jibu moja, kwa hiyo mimi huchagua moja."

"Tangu lini unajua kwamba ina maana mbili?"

"Tangu nilipoisoma mara ya kwanza. Miaka minane."

"Kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeuliza."

Wahandisi waliofunga mafurushi ya masikio mapya mwaka ule walikuwa sita. Sikudhani aliwaendea watano waliobaki, mmoja mmoja, akiwa na karatasi yenye sentensi ile na swali moja. Hakumwambia yeyote sababu. Wawili waliandika jina alilolikusudia yeye. Watatu waliandika mbiu.huduma; pamoja na Yustino, wakawa wanne. Wawili katika hao wanne walisema walikuwa wameiuliza Mweledi ili wawe na uhakika.

Sasa haikuwa tena habari ya Lukengwe peke yake. Watu wanne walikuwa wamefunga mafurushi kwa namna moja. Mahali fulani mlimani, juu ya nyumba zenye watu, kulikuwa na masikio mengine yasiyo na mdomo, na masika bado hayakuwa yamefika nusu.

Jambo la mwisho alilolifanya alasiri ile ni kufungua hifadhi na kutafuta rasimu yake ya kwanza ya mwongozo. Aliikuta. Ukurasa wa arobaini na moja haukuwa na sentensi moja bali tatu, na chini yake ulikuwa na mfano, umeandikwa kwa mkono wake: sikio.mbiu.huduma. Juu ya mfano huo alikuwa amepitisha mstari mwekundu. Pembeni alikuwa ameandika: "Ndefu. Inaharibu ukurasa."

Akakaa akiutazama mstari ule mpaka mhudumu alipokuja kuzima taa za ukumbi.

*

Mkuu wa Kituo, Mhandisi Rehani Sengo, aliyerudi safarini asubuhi yake, alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, aliyekuwa akipigiwa simu na wizara kila saa.

"Dada Sikudhani," alisema, "mafaili tutayabadilisha leo leo, hilo halina mjadala. Lakini kwenye kamati, je? Kijana amekwisha kusimamishwa. Ni kijana, atapata kazi kwingine. Wewe ukisema ni mwongozo, watauliza miongozo mingine mia mbili. Watasema tulijenga juu ya mchanga."

"Wacha waulize, kaka. Hata mimi nataka kuuliza."

"Na wale waliokupinga tangu zamani? Unajua watakachosema."

Alijua. Na walikisema. Mchana ule, mbele ya kamati ya watu watano, Sikudhani alisoma sentensi yake mara mbili kwa mapumziko mawili tofauti, akaeleza majibu ya wahandisi sita, akaweka rasimu yenye mstari mwekundu mezani. Alipomaliza, mjumbe mmoja mwenye mvi alitikisa kichwa.

"Ndiyo maana tulisema tangu awali," alisema mjumbe yule. "Mambo ya mitambo yabaki katika lugha za wenye mitambo. Kiswahili ni kizuri kwa mashairi."

Sikudhani alihisi miaka yake ishirini ya kazi ikining'inia kwenye uzi. Ingekuwa rahisi kusema kwamba kijana hakusoma vizuri, na Kiswahili chake kingesalimika.

"Mheshimiwa, lugha haina kosa hapa," alisema. "Kiswahili kilikuwa na njia ya kulisema jambo hili mpaka mtoto akaelewa. Hii hapa kwenye rasimu, nilikuwa nimekwisha kuiandika. Niliikata kwa sababu ile fupi ilinipendeza zaidi. Niliandika ili nisifiwe, nikamsahau mtu atakayesoma akiwa na haraka, amechoka, na mlima uko juu ya watu. Bwana Chanzi alisoma nilichoandika. Kosa ni langu, na naomba liandikwe kwa jina langu."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa akaanza kuandika.

*

Masikio mia nne na kumi na mawili, katika miteremko tisa, yalikutwa hayana mbiu. Wahandisi walikesha wakiyabadilisha mafaili jina, na kufikia asubuhi ya pili mafurushi mapya yalikuwa yamepokelewa na masikio yote isipokuwa matatu, ambayo Mchimbia alitumwa kuyafukua. Yustino aliitwa tena kazini. Kazi ya kwanza aliyoiomba ilikuwa kukifanyia marekebisho Kifungashi chenyewe: tangu siku ile, kikikutana na faili kisilolitambua, kilikataa kufunga furushi na kusema kwa nini. Mweledi nayo ilifundishwa kusema "sina hakika," neno ambalo hakuna aliyewahi kufikiria kuipa.

Sikudhani alivuliwa ukuu wa idara kwa mwaka mmoja. Alibaki mwandishi wa kawaida, katika meza ya kawaida iliyo karibu na mlango. Alipohamisha vitabu vyake hakulalamika, ingawa siku ya kwanza alilia chooni.

Kabla ya kuandika neno lolote jipya alikwenda hospitali. Yustino alikwenda naye, na safari hii waliingia.

Bi Msimu Kobelo alikuwa amekaa kitandani akichambua mchicha wa mgonjwa mwenzake. Sikudhani alimwamkia, akajitambulisha, akamweleza yote bila kuzunguka: faili, jina, sentensi, mstari mwekundu.

Bi Msimu alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kuchambua. "Kwa hiyo mguu wangu umekwenda kwa sababu ya jina la karatasi."

"Kwa sababu ya sentensi yangu, mama."

"Mguu huo ulikuwa unanipeleka shambani mara mbili kwa siku." Akatupa bua la mchicha kando. "Leo sitakusamehe, mwanangu. Labda siku nyingine. Leo hapana."

"Sikuja kuomba hilo."

"Ulikuja kuomba nini?"

Sikudhani alitoa karatasi. "Nimeandika upya. Nataka mtu anisomee aniambie alichoelewa, kabla haijatoka."

"Mimi? Mimi najua vitunguu."

"Ndiyo maana, mama."

Bi Msimu alivaa miwani akasoma kwa sauti, neno kwa neno: "Furushi likiwa na huduma moja, faili lake huitwa kwa jina la furushi peke yake. Mfano: sikio.huduma. Furushi likiwa na huduma nyingine, faili la kila huduma ya ziada huitwa kwa jina la furushi, kisha nukta, kisha jina la huduma hiyo. Mfano: sikio.mbiu.huduma. Faili lenye jina la namna nyingine halitafungwa."

"Umeelewa nini?" Yustino aliuliza.

"Sijui furushi ni nini wala sitaki kujua. Lakini mtoto wa kwanza anaitwa kwa jina la baba peke yake. Wanaofuata wanaitwa kwa jina la baba, kisha majina yao." Alimtazama Sikudhani juu ya miwani. "Sivyo?"

"Ndivyo."

"Sasa hilo lilikuwa gumu nini?"

Yustino alicheka kwanza, akajizuia, kisha akamwona Bi Msimu naye anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Wakati wa kuondoka Bi Msimu aliwaambia, "Na yale matangazo yenu ya nini cha kufanya mbiu ikilia, nayo mwatuandikia kama mawakili. Nendeni mkawasomee watu huko huko, muone."

*

Ndiyo kazi waliyokuwa wakiifanya mwezi Mei, walipofika kijiji cha Kibungwe. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na masikio ya pale yalikuwa yakitoa taarifa za wasiwasi, kwa hiyo Kituo kiliwatuma mapema. Saa mbili asubuhi walikuwa katika darasa moja la shule, wakiwasomea wazee matangazo mapya, pale mbiu ilipolia.

Ililia katika kila nyumba kwa wakati mmoja, kali na ndefu. Yustino alisimama wima. Alikuwa hajawahi kuisikia mlimani.

Watu walitoka wakakusanyika uwanjani, wakiwa na kanga vichwani, watoto mgongoni. Walingoja. Dakika kumi zikapita, ishirini, ishirini na tano. Mlima ulikuwa umesimama kimya ndani ya ukungu. Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja aitwaye Kolumba alisonga mbele akiegemea fimbo.

"Mama wa Kituo, uji wangu uko jikoni. Huu mlima unaanguka au hauanguki?"

Sikudhani alichagua maneno yake kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Mzee, sikio limesikia mizizi ikikatika juu ya nyumba yako. Sijui kama mlima utaanguka sasa au jioni, na huenda usianguke kabisa. Ninalolijua ni moja: ukianguka, utapita jikoni kwako."

Mzee Kolumba alimtazama. "Hilo nimelielewa," alisema, akabaki.

Dakika saba baadaye sehemu ya mlima ilijitenga. Haikutoa mlio mkubwa mwanzoni. Miti ilianza tu kutembea, ikiwa bado imesimama wima, kisha udongo mwekundu ukaifunika, ukafunika matuta, ukafunika mabati ya nyumba tisa. Ulipotulia, hapakuwa na jiko, wala njia iliyokuwa ikielekea huko. Mwanamke mmoja alianza kulia kwa ajili ya nyumba yake. Mzee Kolumba alivua kofia.

Mwalimu mkuu alifungua daftari la kijiji, karatasi zikilowa mikononi mwake, akaanza kuita majina. Yustino alimshikia mwavuli. Watu waliitika mmoja mmoja, wengine kwa sauti kubwa, wengine kwa kunyoosha mkono tu. Sikudhani alisimama nyuma akihesabu kwa vidole, akipoteza hesabu, akianza upya. Mvua iliendelea kunyesha, na hakuna aliyeondoka kwenda kujikinga mpaka jina la mwisho lilipoitwa na mwenyewe akaitika.